Mgongo wa Mbao

Kabla hujanunua ubao hata mmoja wa kufunga ukutani, nunua nailoni. Ile nzito inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo mafundi huitandika chini kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Kata kipande cha mraba, upande nusu mita hivi, ukibandike kwenye ukuta unaoukusudia. Ziba kingo zote nne kwa selotepu pana mpaka hewa isipite, kisha ukiache usiku kucha na siku inayofuata. Ukirudi ukakuta matone upande unaotazama ukuta, au rangi imekuwa nzito pale palipofunikwa, ukuta wako una maji na unayatoa. Ukikuta unyevu upande wa nje, unaotazama chumba, hayo ni maji ya hewani yamegota kwenye ubaridi. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake si moja.

Watu wengi huanzia mwisho. Wanaona picha ya sebule ya mtu mtandaoni, ukuta wa nyuma ya televisheni umevikwa mbao toka chini hadi juu, taa zimefichwa pembeni. Wanakwenda Keko, mtaa wa maseremala wa Dar, na simu mkononi, wanamwonyesha fundi, wanaelewana bei ya mbao, bei ya vanishi na siku ya kukabidhi. Ukuta wenyewe hautajwi, maana ukuta ni mahali pa kutoboa matundu tu. Mwaka wa kwanza unapita salama. Masika ya pili ndiyo huleta habari: chumba kinaanza kunuka kama nguo zilizoanuliwa mbichi, halafu vinatokea vidoa vyeusi kwenye maungio, halafu ubao mmoja unanyanyua kingo zake kuelekea chumbani. Fundi anapigiwa simu, na fundi anasema mbao zilikuwa mbaya.

Mara nyingi mbao hazikuwa mbaya, zilikuwa paini tu. Paini nyingi tunayoitumia Tanzania inatoka Nyanda za Juu Kusini, na jina linalotajwa zaidi ni Sao Hill huko Mufindi, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko mengine yote nchini. Ni mbao nyepesi, inalainika kwa randa bila ugomvi, bei yake inabebeka, na wanaopenda rangi ya mti ulivyo wanaipenda bila kuipaka chochote. Kinga ya asili dhidi ya kuoza na wadudu, hata hivyo, haina ya kutaja. Mninga, mkongo na mvule ni habari nyingine, lakini hata hizo kinga iko kwenye ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Utepe mweupe wa nje, ule uliokuwa karibu na gome, unaoza na kuliwa sawasawa na paini. Muuzaji akikuapia kwamba huu ni mninga na mninga hauozi, geuza ubao utazame kingo zake kwanza.

Utaniuliza, kwa nini basi usitumie mbao za dawa ukamaliza maneno? Kwa kenchi za paa sawa, ndiko zilikokusudiwa. Lakini dawa iliyozoeleka, ile inayoacha rangi ya kijani, ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Marekani iliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani kuanzia mwisho wa mwaka 2003. Mimi sitaki vumbi la aseniki chumbani kwa mtoto wakati fundi anapiga msasa, na sitaki vipande vilivyobaki viishie kwenye jiko la mama ntilie jirani. Kwa hiyo mbao isiyo na dawa kwa ndani ya nyumba ni uamuzi wa busara kabisa, ila unakulazimu kuilinda kwa jinsi unavyoifunga.

Turudi kwenye ukuta, maana ndiko ugomvi ulikoanzia.

Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, ukishapigwa lipu na kupakwa rangi, unaonekana mkavu kama haujawahi kuona maji. Ndani yake umejaa vitundu vyembamba vilivyoungana, vingi vikiwa vimeachwa na maji ya kuchanganyia saruji yalipotoweka. Vitundu hivyo hunyonya. Sehemu ya chini ikigusa udongo wenye maji, maji hupanda yenyewe, taratibu, hadi pale yanapokauka kwa kasi ileile yanayopandia. Kwa nyumba nyingi mstari huo huishia chini ya mita moja kutoka sakafuni, ndiyo maana utaona rangi imebabuka kuanzia usawa wa goti hadi kiuno, huku juu yake ukuta ukiwa mzima.

Kuzuia hilo ndiyo kazi ya ile karatasi ya lami au nailoni inayolazwa juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya tofali, wanayoiita DPC. Nyumba nyingi wanazo kwenye mchoro. Baadhi wanazo na kwenye ukuta pia. Hata pale ilipowekwa, mwenye nyumba mara nyingi huja kuizika kwa mkono wake: mvua ikijaa uani analeta malori ya kifusi, anapandisha uwanja, anapanga pevingi juu, uwanja unapendeza. Sasa uwanja umepita DPC kwa kimo cha tofali zima, na maji yanaingia ukutani kutoka ubavuni, juu ya kizuizi. Nimeona hili Mbezi, nimeliona Kigamboni, na ukipita mitaa yoyote ya Dar iliyojengwa kabla ya barabara yake kuinuliwa utaliona bila kushuka kwenye bajaji. Hakuna vanishi ya mbao itakayotibu uwanja ulio juu kuliko sakafu.

Nyumba mpya ina tatizo lake. Siku 28 wanazozitaja mafundi ni za zege kupata nguvu, wala hazihusiani na kukauka. Kwa kukauka, hesabu ya jumla ya watu wa sakafu ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa inchi 6 unaokauka pande zote mbili unahitaji kama miezi mitatu, na masika ikiingia katikati hesabu inavurugika. Tena saruji changa ni kali. Ukali huohuo unaochubua vidole vya vibarua huyala mafuta yaliyo kwenye rangi ya mafuta na kuyageuza sabuni. Namaanisha sabuni kweli, ni kemia ileile. Ndiyo sababu rangi ya mafuta ikipakwa mapema kwenye lipu changa hulainika, ikanata, ikabanduka. Ubao uliopakwa mafuta mgongoni ukabanwa kwenye lipu ya namna hiyo unapoteza kinga yake mahali ambapo huwezi kuona.

Halafu kuna chumvi, na hii ni yetu sisi wa pwani. Mchanga wa ufukweni umeingia kwenye lipu, au maji ya kisima chenye chumvi yametumika kuchanganyia. Chumvi ya kawaida, hewa ikivuka unyevu wa asilimia 75 hivi, huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka ndani yake. Tanga, Dar, Zanzibar, Mombasa, usiku mwingi wa mwaka unavuka hapo. Ukuta wenye chumvi kwa hiyo unaweza kulowa Julai, bila mvua wala bomba linalovuja, na mchana ukakauka ukaacha unga mweupe. Mwenye nyumba anabadilisha bomba, anabadilisha fundi bomba, ukuta bado unalowa. Ukuta wa namna hiyo ubandue lipu upige upya kwa mchanga safi na maji safi, au uuache bila mbao. Sijaona njia ya tatu inayodumu.

Kuhusu mbao yenyewe, namba chache zinatosha. Ubao ulioachwa ndani ya nyumba hapa pwani, hata ukikaa mwaka mzima, hautashuka sana chini ya asilimia 15 ya unyevu, ukipimwa kwa uzito wa ubao uliokauka kabisa. Hewa yetu hairuhusu. Dodoma ungeshuka zaidi. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji zaidi ya asilimia 20 hivi. Yaani mtu wa pwani anaanza na akiba ya asilimia 5 tu kabla ya hatari, na ukuta unyevunyevu unaweza kuimaliza akiba hiyo katika masika moja. Ukuta hauhitaji kuchuruzika. Unatosha kuwa na ubaridi wa maji unaousikia kwa kiganja.

Na ubao haunywi sawa kila upande. Vile vichwa viwili, pale msumeno ulipokata nyuzi, vinanyonya zaidi ya mara kumi kuliko ubavu. Ukitaka kuamini, simamisha kipande cha paini kwenye sahani yenye maji ya rangi uondoke ukanywe chai.

Masika iliyopita tulibandua mbao chumbani kwa dada yangu, Mbezi. Ni ukuta wa kichwani mwa kitanda, na upande wa pili wake ni bafu. Zilikuwa zimefungwa na fundi wa awali miaka michache nyuma, paini ya inchi moja kwa sita, imelazwa, imepakwa vanishi iliyokolea mpaka taa inajionea. Niliyekwenda naye ni mzee mmoja seremala wa Keko, mtu asiyependa maneno mengi kabla hajaona kazi. Alichomeka patasi chini ya ubao wa pili kutoka sakafuni, akasukuma kidogo, na ubao ukaja wenyewe bila msumari kulia. Misumari ya zege ilikuwa imebaki ukutani na kutu yake. Matundu ya ubao yalikuwa yamepanuka yakawa laini.

Aliugeuza akaupeleka dirishani. Nyuma ulikuwa na ramani nyeusi, kingo zake zikiwa na ukungu wa kijivu, na katikati ya weusi palikuwa na michirizi ya rangi ya udongo, mirija ya mchwa iliyopanda wima ikapotea kwenye ubao wa juu yake. Alibonyeza kwa kucha ya dole gumba, kucha ikazama. Kwenye lipu palipokuwa ubao pamebaki umbo lake, pameloa, na juu yake unga mweupe wa chumvi umesimama nywelenywele. Mzee akaugeuza tena upande wa mbele, akapitisha kiganja juu ya vanishi.

“Mwanangu,” akasema, “huyu aliyefunga hii alijua kupaka vanishi. Tatizo alipaka upande wa wageni.”

Dada akauliza kama basi angepaka na nyuma ingesaidia. Mzee akamwambia, “Ingesaidia kuchelewa, mama. Kuzuia, haizuii.”

Hilo ndilo ningetaka msomaji alishike kabla ya vipimo na skrubu. Vanishi, mafuta, rangi, vyote hupunguza kasi ya maji kuingia. Vinapunguza pia kasi ya kutoka. Ubao uliobanwa ukutani, mbele umezibwa kwa vanishi na nyuma umelala kwenye lipu, maji yakishaingia hayana mlango wa kutokea. Ubao unaokaa nje kwa mvuvi unalowa kila siku na jua linaukausha kila siku, unadumu. Wa ukutani kwa dada haukuwahi kulowa chapachapa, ila haukuwahi kukauka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuupa mgongo wa ubao hewa, na kazi ya pili ndiyo kupaka.

Mafundi wetu wana tiba zao, na mbili lazima nizitaje kwa sababu utaletewa. Ya kwanza ni oili chafu, ile iliyomwagwa kwenye magari gereji. Wanaipaka mgongoni kwa ajili ya mchwa. Inanuka miezi, inapenya kwenye lipu na kutokeza doa la njano hata ukipaka rangi mara tatu, na imebeba masalia ya injini, metali na kemikali zinazosababisha saratani. Kwenye nguzo ya uzio shambani mtu na atumie akili yake. Chumbani, hapana. Ya pili ni silikoni kuzunguka kingo zote, “ili maji yasiingie.” Maji hayaingilii kwenye kingo, yanaingilia ukutani. Ukiziba kingo umeyafungia mlango kwa nje.

Sasa namna tulivyofunga upya, na namna ninavyowashauri wanaoniuliza.

Tulianza nje. Bafu lilikuwa linavujisha kwenye maungio ya vigae nyuma ya bomba la kuogea. Fundi bomba akalitengeneza hilo, vigae vikafungwa upya. Upande wa uani tukashusha pevingi mstari mmoja kando ya ukuta na kuweka kokoto. Lipu iliyokuwa na chumvi ikabanduliwa hadi kwenye tofali, ikapigwa mpya, ikaachwa. Hapa ndipo subira inapohitajika na ndipo wengi wanaposhindwa, maana ukuta mtupu unakera na fundi yuko tayari. Dada alilala chumba cha wageni hadi vuli ikaribie.

Papi, vile vipande vyembamba vya mbao vinavyotangulia ukutani, ndizo zinazobeba kila kitu. Tulitumia za inchi mbili kwa moja, zilizorandwa, zikafungwa ukutani wima, umbali wa sentimita 50 hivi kutoka moja hadi nyingine. Nyuma ya kila papi, kati yake na ukuta, kunalazwa ukanda wa ile karatasi ya lami inayotumika kama DPC, mpana kidogo kuliko papi yenyewe, utokeze sentimita moja kila upande. Ukikosa karatasi ya lami, nailoni nzito iliyokunjwa mara mbili inafanya kazi. Ukanda huu ndio unaokata mguso kati ya mbao na saruji. Sehemu iliyobaki ya ukuta inaachwa wazi, na nitaeleza kwa nini.

Papi zikiwa wima, nafasi iliyo nyuma ya mbao, milimita 25, inakuwa kama vyumba virefu vilivyofunguka chini na juu. Hewa inaingia chini, inapanda, inatokea juu. Lakini papi wima zinakubali tu mbao zilizolazwa. Ukitaka mbao zako zisimame, kama mtindo wa sasa wa vijiti vyembamba vilivyopangana, papi inabidi zilazwe, na papi iliyolazwa ukutani ni kizuizi cha hewa na tena ni rafu ya kukusanyia maji. Hapo una njia mbili: piga kwanza papi nyembamba wima, kisha juu yake zilazwe nyingine, au mwambie fundi apige msumeno mapengo nyuma ya papi zilizolazwa, kila sentimita 30, hewa ipenye. Njia ya kwanza inakula nafasi zaidi na ni bora. Zile paneli za vijiti zinazouzwa tayari zikiwa zimegundishwa kwenye bodi, usizibandike kwa gundi moja kwa moja ukutani hata kama picha kwenye boksi inaonyesha hivyo. Bodi yenyewe mara nyingi ni MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi, na MDF ikinywa maji ikavimba hairudi tena.

Chini, acha nafasi. Sisi tunadeki. Katika nyumba nyingi za huku ndoo ya maji inapita sakafuni kila asubuhi, na dekio linagonga ukuta kila linapofika mwisho. Ubao wa chini ukigusa kigae, kila siku unalambishwa maji kwa kile kichwa au ubavu wake. Skatingi za mbao, zile zinazozunguka chini ya ukuta, ndizo zinazokufa kwanza katika nyumba za Dar kwa sababu hiyohiyo. Tuliweka skatingi ya kigae, kimo cha sentimita kumi, na mbao zikaanzia milimita 20 juu yake. Juu, chini ya dari, tukaacha nafasi kama hiyohiyo. Haionekani, taa ikiwekwa hapo ndiyo kabisa.

Mbao zenyewe zilikaa ndani ya nyumba, chumba kilekile, zimepangwa na vijiti kati yake, wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Paini nyingi inafika sokoni bado ina maji ya mti. Ukiifunga siku hiyohiyo itakaukia ukutani, itasinyaa, na mapengo utayaona. Baada ya kukatwa kila kipande kilipakwa pande zote sita kabla hakijapanda ukutani: mbele, nyuma, kingo mbili, vichwa viwili. Vichwa vilipata mikono mitatu, yaani vilipakwa mara tatu. Mgongo upate mikono ileile ya mbele, kwa sababu upande mmoja ukinywa kuliko mwingine ubao unapinda; mgongo ukivimba, kingo zinakuja mbele, ndicho kilichotokea kwa dada mara ya kwanza. Na kila unapokata tena kwa sababu kona haikukaa sawa, kichwa kipya kipakwe kabla ya kupanda. Hapa fundi inabidi asimamiwe, si kwa ubaya, ni kwamba brashi iko chini na yeye yuko juu ya ngazi.

Kwa dawa ya wadudu na kuvu isiyo na sumu kali ya mbao za kenchi, boraksi iliyochanganywa na asidi ya boriki kwenye maji ya moto inapakwa kwanza, mbao ikiwa bado haina vanishi. Inaingia ndani na haina rangi. Udhaifu wake ni kwamba maji yanaiosha, kwa hiyo inafaa ndani tu na inahitaji vanishi au mafuta juu yake. Vaa glavu, na watoto wakae mbali. Wanaotumia mafuta ya kitani wakumbuke jambo ambalo halihusiani na unyevu lakini limeunguza karakana nyingi: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Hujipasha moto vyenyewe hadi vikawaka. Vitandaze nje vikauke.

Skrubu ziwe za stenlesi, au angalau zilizopakwa zinki vizuri. Hewa ya pwani haimwonei huruma msumari, na kutu ikikutana na mbao zenye tanini nyingi inatoa doa la bluu-nyeusi lisilotoka kwa msasa. Tundu la fisha, ile plagi ya plastiki inayoshika skrubu, kwenye ukuta wa nje ni njia ya maji, kwa hiyo puliza vumbi, tia tone la silikoni ndani, ndipo ugonge fisha. Hapo silikoni iko mahali pake.

Nilisema nitaeleza kwa nini nailoni isifunike ukuta mzima. Video nyingi za kufundisha kazi hii zinatoka Ulaya, na huko wanaambiwa watandaze nailoni upande wa ndani, nyuma ya mbao. Kwao ni sahihi: nje baridi, ndani joto na mvuke wa jikoni, mvuke unasafiri kutoka ndani kwenda nje na nailoni inauzuia usifike kwenye ubaridi. Kwetu mambo yamegeuka. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa chochote chenye nyuzi 26 au chini yake. Chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa 22 kinapoza kila kilichomo, nailoni ikiwemo. Mvuke unatoka nje, unapenya tofali, unakutana na nailoni baridi na kugeuka maji papo hapo, nyuma ambako huoni. Mahoteli yenye kuta zilizobandikwa karatasi za plastiki kwenye nchi za joto wanajua: ukiibandua karatasi, ukungu mweusi unakutazama. Acha ukuta utoe maji yake kidogokidogo kwenye ile nafasi, hewa ya chumba iyachukue. Kiyoyozi chenyewe hukausha hewa kikifanya kazi, ni mwenzako. Adui ni yule anayekizima na kufungua madirisha saa mbili usiku.

Waliojenga Mji Mkongwe walikuwa wanafunga mbao kwenye kuta tangu zamani, boriti za mikoko zimezama moja kwa moja kwenye mawe ya matumbawe, na nyingi zimedumu vizazi. Chokaa ndiyo iliyowasaidia. Ukuta wa mawe na chokaa unalowa masika na unarudisha maji hewani kiangazi, bila kuyazuia. Matatizo makubwa yanakuja pale mtu wa leo anapoukarabati kwa lipu ya saruji na rangi ya plastiki, kwa nia njema kabisa ya kuuimarisha. Maji yanabaki ndani, na kichwa cha boriti kilichozama ukutani, kile kinachonyonya kuliko sehemu nyingine yoyote, kinaoza kimyakimya hadi dari linapoanza kulegea. Anayekarabati nyumba ya namna hiyo aulize chokaa kabla ya kuuliza mbao.

Kazi ya dada ilifungwa kwa skrubu zinazoonekana. Alinuna kidogo, alitaka misumari ifichwe, mbao zionekane kama zimeota pale. Mzee akampangia vichwa vya skrubu kwa uzi, mstari mmoja wima juu ya kila papi, akanyamaza. Sababu yake ni moja: ubao wa chini, ulio karibu na bafu, lazima uweze kufunguliwa bila kuuvunja. Ufungue kila masika ikiisha, Juni hivi, uuchungulie kwa tochi. Ukikuta unga laini wa mbao umemwagika, ni dumuzi, mdudu anayetoboa mbao, na ubao huo mmoja ndio wa kutibu au kubadilisha. Ukikuta mrija wa udongo, ni mchwa, na ufuate mrija hadi kwenye ufa unaoutokea sakafuni kabla ya kumwaga dawa. Ukikuta doa jeusi peke yake, bila mdudu wala unga, ni maji, na hapo anayepigiwa simu kwanza ni fundi bomba.